Mkono Unafanya Nini?

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi alasiri mbele ya walimu na wafasiri wenzangu, Mji wa Kale, Mombasa. Waliokosa wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyonitoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziondoa.

Assalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wafasiri, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba kuna matatu inawangoja, hamjambo?

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniuliza nitazungumzia nini. Nikamwambia, maneno mawili ya Kiingereza. Akasema, "Mawili tu?" Nikamwambia mawili tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi dakika arobaini zitakutosha." Tutaona.

Maneno yenyewe ni "polish" na "burnish". Mwulize mwanafunzi yeyote maana ya la kwanza, atakwambia ni kung'arisha. Mwulize la pili, atafikiri, atatazama dari, halafu atakwambia nalo ni kung'arisha. Wewe mwalimu utampa alama zote mbili na kuendelea na kazi. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi. Haya, nani humu ndani amewahi kukutana na "burnish" katika kazi yake? Inueni mikono. Naona mitatu. Minne. Basi nyinyi wanne mnajua kwamba neno hili ni kama yule jamaa wa mbali: hutokea harusini na matangani, kila mtu anamjua sura, hakuna ajuaye jina lake hasa.

Mimi nilifundishwa jina lake na mama mmoja asiyejua Kiingereza hata neno moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya maonyesho madogo ya vyombo vya udongo. Karatasi sita tu. Kwenye chungu kimoja cheusi chenye tumbo pana, Kiingereza kilisema chungu hicho kilikuwa "burnished" kabla ya kuchomwa. Nami, pamoja na shahada yangu, nikaandika: "kilipigwa msasa kabla ya kuchomwa". Nikapeleka kazi, nikalipwa, nikala, nikasahau.

Siku ya ufunguzi alikuwepo mwenye vyungu mwenyewe, mama wa makamo kutoka upande wa Kwale. Alimwita mjukuu wake amsomee ile karatasi iliyobandikwa. Mjukuu akasoma. Mama akauliza, "Nani kaandika haya?" Wakaninyooshea kidole.

"Njoo, mwanangu. Wewe ushawahi kupiga chungu msasa?"

"La, mama."

"Ukikipiga msasa wajua utapata nini?"

Nikanyamaza.

"Utapata mikwaruzo. Na vumbi."

Akafungua pindo la leso, pale wanawake wetu wanapofunga pesa, akatoa kijiwe. Ukubwa wa tende. Rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo mno. Upande mmoja kilikuwa jiwe la kawaida tu, upande wa pili kilikuwa laini hata niliuona mwanga wa dirisha ndani yake. Alipewa na mamake, na mamake alipewa na mamake. Alikuwa amekuja na kibakuli kibichi cha kuonyeshea watu kazi, udongo uliokwisha kushika lakini haujakauka, ukiubonyeza kwa kucha huacha alama kama ngozi ya mkoba. Akakilaza pajani, akaanza kusugua. Anakandamiza, anavuta. Anakandamiza, anavuta. Kijiwe kikawa kinalia, nyii, nyii, kama kandambili zilizorowa maji juu ya sakafu ya terazo. Na kila kilipopita, udongo uliokuwa umefifia kama biskuti uligeuka, ukawa na mng'ao kama wa ganda la tende. Aliponimalizia sehemu ya kiganja kimoja akapitisha kidole chini ya kibakuli, akaniletea kidole kile mbele ya macho.

"Waona vumbi?"

Hapakuwa na vumbi.

Wenzangu, hapo ndipo somo lote lilipo. Hapakuwa na vumbi. Msasa unakula. Kijiwe hakili kitu. Udongo wa mfinyanzi ni vipande vidogo sana vya bapa, mfano wa karata zilizomwagwa mezani ovyo, hii imesimama, ile imelala ubavu. Mwanga ukiziangukia hutawanyika, na chungu huonekana kimefifia. Ukizikandamiza kwa jiwe laini, karata zinalala chali, zimepangana, na mwanga unarudi kwa pamoja. Hukuongeza kitu, hukupunguza kitu. Umekilaza kilichokuwepo. Hilo ndilo "burnish". Na ndiyo maana pia chungu kilichosuguliwa hivyo huvuja maji taratibu zaidi kuliko ndugu yake asiyesuguliwa: milango imefungwa.

"Polish", katika kazi ya mikono, ndiyo njia ya kula. Unaanza na msasa mkali, unafuata mlaini, unafuata mlaini zaidi, unaishia kwenye unga unaofanana na poda ya mtoto. Kila hatua inakata mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kuacha midogo zaidi, mpaka inakuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Mafundi wetu wa vinyago hapa Changamwe wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu. Na tusisahau msasa wenyewe ulikuwa nini kabla ya kuwa karatasi ya dukani. Msasa ni mti, na majani yake ni makali kama ulimi wa paka. Wazee walisugulia mbao kwa majani hayo. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la mti.

Kwa hiyo swali langu la leo ni moja, na nitalirudia hadi mnichoke. Ukikutana na neno lolote la kung'arisha, usiulize kitu kinaonekanaje mwishoni. Mwishoni vyote vinang'aa. Uliza: mkono unafanya nini?

Tuyatazame maneno yenyewe kidogo, maana yana ukoo wa kupendeza. Yote mawili yaliingia Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa cha kale, zaidi ya miaka 600 iliyopita. "Polish" asili yake ni kitenzi cha Kilatini "polire", kulainisha. Kitenzi hicho kina mtoto mwingine mnayemjua nyote, "polite", yaani mwenye adabu. Mtu mwenye adabu, kwa Kilatini, ni mtu aliyelainishwa. Nasi je? Tukisema kijana fulani amepigwa msasa, tunasema nini? Jambo lilelile, na hatukumwomba Mlatini ruhusa.

"Burnish" ukoo wake ni wa rangi. Ndani yake limo neno la Kifaransa "brun", rangi ya kahawia, ambalo Wafaransa walilipata kwa makabila ya Kijerumani, na ambalo ni ndugu wa "brown" ya Kiingereza. Neno liliondoka nyumbani, likazunguka Ufaransa, likarudi limevaa koti jipya. Mtauliza, rangi ya kahawia na mng'ao wapi na wapi? Wenye lugha hiyo hapo kale waliitumia rangi hiyo kusifia upanga unaong'aa. Na sisi watu wa Mombasa tusijifanye hatuelewi. Nani hajaona dele la shaba la muuza kahawa jioni, likiwa juu ya makaa? Lina rangi gani lile? Lina kahawia, lina dhahabu, lina moto. Hiyo ndiyo rangi iliyomo ndani ya "burnish". "Polish" haina rangi. Waandishi wa Kiingereza wanaposema jua, shaba, au nywele za mtu ni "burnished", wanataka uone joto hilo pamoja na mng'ao.

Kuna mahali ambapo hili lilinigusa mno. Katika ile tamthilia ya Shakespeare ya mkopeshaji aliyedai ratili ya nyama, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, yumo mwana wa mfalme wa Moroko. Anakuja kuposa, na neno lake la kwanza kwa binti ni kumwomba asimchukie kwa rangi yake, kwani rangi hiyo ni sare aliyovishwa na jua. Jua gani? "Burnish'd". Mtu mweusi anajisifu kwa neno lenye kahawia tumboni. Sijui mtu aliyeandika pale "polished" angetupa nini. Jua lililopigwa kiwi, labda.

Sasa niwapeleke kwa sonara.

Nilipokuwa mdogo, tukitoka madrasa nilikuwa nikipitia duka la sonara mmoja, rafiki ya marehemu babangu. Siku moja mamangu alipeleka bangili yake ya dhahabu, imejaa mikwaruzo ya miaka ya kufua na kupika. Sonara akaiweka kwenye mizani mbele yake, akaandika uzito kwenye kikaratasi, akampa. Siku ya tatu tukairudia. Bangili imekuwa kama iliyotoka jana. Mamangu akaipokea, akaigeuza, akatabasamu, halafu akasema neno moja.

"Ipime."

Ikapimwa. Imepungua. Si sana, lakini mizani ya sonara haifichi kitu. Mamangu akamtazama yule mzee kwa jicho ambalo sisi watoto wake tulilijua.

"Dhahabu yangu imekwenda wapi?"

Mzee hakukasirika. Akavuta droo iliyo chini ya meza ya kazi. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu, la hudhurungi, limechanganyika na nywele za brashi na sijui nini. "Ipo humu, Bi Mkubwa. Yako na ya wenzio." Akaeleza kwamba masonara wote hukusanya vumbi hilo, hata takataka za sakafuni huzifagia wakazihifadhi, kisha huchomwa na kuyeyushwa ili dhahabu irudi. "Mkwaruzo ni shimo," akasema. "Siwezi kulijaza shimo. Nashusha uwanja wote mpaka ulingane na shimo."

Hilo, wenzangu, ndilo "polish". Kushusha uwanja mpaka ulingane na shimo. Sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi, katika lugha yoyote.

Halafu, kwa kuwa alitaka kumtuliza mamangu, akamwonyesha njia ya pili. Akatoa kijichuma chenye mpini wa mti, ncha yake imeviringana na kung'aa kama kioo. Akakichovya kwenye maji ya sabuni, akakipitisha kwenye ukingo wa bangili kwa nguvu za bega, taratibu, mara moja, mara mbili. Ukingo ukawaka. "Hapa sikuchukua kitu," akasema. "Nimeisukuma tu dhahabu ilale. Lakini mikwaruzo mikubwa njia hii haiiwezi." Dhahabu ni laini, inasukumika. Na ikishasukumwa hivyo ngozi yake ya juu huwa ngumu zaidi kuliko awali. Viwandani hufanya vivyo hivyo kwa makusudi: vyuma vya mashine hukandamizwa kwa gololi au roli ngumu, uso ulainike na ukomae kwa pamoja.

Mamangu alisikiliza yote hayo kwa utulivu. Kisha akataka apunguziwe bei kwa dhahabu iliyobaki kwenye droo. Alipunguziwa.

Nilipokua na kuanza kusoma habari za kazi hii nikakuta jambo ambalo natamani ningemwambia yule mzee. Unga mwekundu ambao masonara hung'arishia dhahabu, ule unaochafua vidole wiki nzima, ni oksidi ya chuma. Kwa lugha yetu ya mtaani, kutu iliyosagwa. Na moja ya mawe yaliyotumiwa na mafundi wa zamani wa Ulaya kukandamizia dhahabu ni hematiti. Hematiti ni nini? Oksidi ileile ya chuma, lakini ikiwa jiwe zima. Mnaona? Kitu kimoja. Ukikisaga, kinakula, na kazi yake ni "polish". Ukikiacha kizima ukakilainisha, kinakandamiza, na kazi yake ni "burnish". Tofauti haimo kwenye jiwe. Haimo kwenye mng'ao. Imo kwenye mkono.

Mafundi hao walikuwa na jiwe jingine pia, na hili wazee mliovaa pete hapa mbele mnalo vidoleni: akiki. Jani la dhahabu la kubandikia fremu na vitabu ni jembamba kuliko unywele mara mamia. Jaribu kulipiga msasa. Utabaki na msasa. Kwa hiyo hulikandamiza kwa akiki iliyochongwa kama jino. Na kwa nini jino? Kwa sababu kabla ya akiki walitumia jino kwelikweli, jino la mbwa. Naona shehe wangu pale anavuta kanzu. Tulia, ni huko Ulaya. Upande wetu, waandishi wa hati za Kiarabu kule Istanbul walikuwa wakipaka karatasi wanga na ute wa yai, ikikauka wanaisugua kwa jiwe laini mpaka inateleza, kalamu ipite bila kukwama. Karatasi haikupakwa mng'ao. Ilikandamizwa ikang'aa.

Hapa lazima niwe mkweli. Mpaka kati ya maneno haya mawili si ukuta wa Fort Jesus. Hata wanasayansi wameugombania. Isaac Newton, katika maandishi yake ya 1704 juu ya mwanga, alieleza kung'arisha kioo kuwa ni kukikwaruza tu, kwa mikwaruzo midogo isiyoonekana. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaja mwanakemia George Beilby akasema hapana, uso wa kitu hutiririka, hujipaka wenyewe kama siagi. Yaani, kwa maneno yetu ya leo, Beilby alikuwa anasema kila "polish" ndani yake ni "burnish". Wa baada yake walirudi kwa kiasi kikubwa upande wa Newton, hasa kwa vyuma na unga wa kukata. Kama wao wamebishana miaka yote hiyo, mwanafunzi wa kidato cha pili asichapwe.

Na wafasiri nao? Biblia ya Kiingereza ya 1611, katika Ezekieli sura ya kwanza, inataja shaba "burnished". Katika Danieli sura ya kumi inataja shaba "polished". Ukirudi kwenye Kiebrania, ni maneno yaleyale mawili, hayakubadilika hata kidogo. Wafasiri wale walikuwa na kamati, walikuwa na mfalme, walikuwa na muda, na bado kitu kimoja kikapata majina mawili. Kiswahili chetu katika Ufunuo kinasema "shaba iliyosuguliwa sana". Mimi naipenda hiyo. Haikukimbilia mng'ao. Imekuambia mkono ulifanya nini, na ulifanya kwa kiasi gani.

Tugeuke kidogo upande wa viatu, maana najua mtu atanishika hapo. Atasema: mwalimu, umesema "polish" ni kupunguza, mbona kiwi inapakwa? Inaongezwa! Swali zuri. Kiwi, kwa wasiojua, si neno letu wala si la Kiingereza. Ni jina la bidhaa iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 1906, na mwenyewe aliipa jina la ndege wa New Zealand kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa huko. Sasa sisi tunapiga kiwi viatu vyetu kila asubuhi bila kumkumbuka ndege wala mke. Ni nta. Inajaza mashimo ya ngozi, brashi inailaza, kiatu kinang'aa. Kwa hiyo, ndiyo, "polish" ni neno pana. Kitenzi chake kinakula, kitenzi hichohicho kinapaka, na nomino yake ni kile kilichomo mkebeni. Upana huo ndio uliolifanya liwe neno la kila siku, na wembamba wa "burnish" ndio uliolifanya liwe neno la mafundi na la washairi. Lakini mtazameni fundi viatu akimaliza soli ya ngozi. Ule ukingo wa pembeni anausugua kwa kipande cha mti mgumu, haraka, mpaka unapata moto na kuwa mweusi wa kuteleza. Ukingo ule "burnished". Uso wa kiatu, "polished". Kiatu kimoja, maneno mawili, fundi mmoja chini ya mwarobaini.

Sasa tuingie kwenye maneno yanayotuletea matatizo sisi tunaoishi kwa kalamu. Maana watu hawaandiki sana habari za vyungu. Wanaandika habari za watu.

Kwa Kiingereza unafanyia "polish" kitu ambacho hakijakamilika: insha, hotuba, ustadi, lugha. Kina vijiba, unaviondoa. Kijana mmoja aliniletea barua yake ya maombi ya kazi niitazame. Ameandika kwamba anataka kupata nafasi ya "kuburnish" Kiingereza chake. Nikamwuliza neno hilo amelitoa wapi. Akasema "polish" aliliona la kawaida mno, akatafuta lenye uzito. Nikamwambia, mwanangu, sarufi yako haina kosa. Mkono wako ndio una kosa. Kiingereza chako kina makosa ya kuondolewa, na wewe umekuja na kijiwe. Tukacheka. Kazi alipata, tena kwa neno la kawaida.

"Burnish" huenda na jina, sifa, heshima, kumbukumbu ya kiongozi. Kwa nini? Kwa sababu jina tayari lipo. Mtu hang'oi kitu ndani yake, analisugua tu mbele ya watu liwake zaidi. Mara nyingi mwandishi wa Kiingereza akilitumia hivyo kuna tabasamu pembeni ya mdomo: anatuambia huyu bwana anajisugua. Na hapa nawaomba wenzangu mnisikilize vizuri sana, hasa mnaofanya kazi za magazeti. Ukikuta kiongozi anayetaka "kuburnish" jina lake, usiandike kwamba "anasafisha jina lake". Usiandike! Kusafisha kunataka uchafu. Ukisema mtu anasafisha jina umeshamwambia msomaji kwamba lilichafuka, na Kiingereza hakikusema hivyo. Umemshtaki mtu kwa kitenzi. Mimi nimewahi kulipitisha kosa hilo, kwenye makala ya mtu ambaye hakuwa na doa lolote, na simu niliyopigiwa kesho yake sitaisahau. Andika anajiongezea sifa, anajipamba jina. Kama unataka na lile tabasamu, Kiswahili kimejaa: andika anajipigia debe. Ila ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa uuache mahali pake. Huo ni wa kuhadaa, na hata mafuta yenyewe hayafiki.

Kuna mitego mingine midogo, niipite haraka. Wakisema mtu "polished off" sahani ya pilau, hakuipaka kitu. Aliifagia. Nimesahihisha karatasi iliyosema "aliing'arisha pilau", nikaiacha mezani siku nzima ili nicheke tena jioni. Na likianza kwa herufi kubwa, likatamkwa kwa "o" ndefu, hilo ni la nchi ya Poland. Soseji ya Poland haijasuguliwa na mtu.

Sasa mama mmoja amenipitishia karatasi hapa. Ameandika: "Mwalimu, sisi wanawake haya yote tunayajua, ni singo." Dada yangu, simama watu wakuone! Hapana? Basi nimalizie mimi.

Kwa wageni: biharusi wetu, siku kabla ya harusi, husingwa. Somo wake, yule mwanamke anayemfunda, humsugua mwili kwa singo, mchanganyiko wenye manukato, wa chengachenga, na singo ikidondoka mkekani inadondoka na ngozi iliyokufa. Inakula. Kuna vumbi. Hiyo ni kazi gani? (Ukumbi: "Polish!") Halafu somo anaweka mafuta viganjani, anamkanda. Mabega, mgongo, mikono. Hapo hakidondoki kitu. Anakandamiza, anavuta. Na hiyo? (Ukumbi ukajibu, wanawake kwa sauti kuliko wanaume.) Na liwa, ule mti wa manukato uliosagwa, akipakwa usoni, hiyo ndiyo kiwi. Mwanamume aliyecheka pale nyuma nimemwona.

Kwa hiyo mnataka niwape neno moja la Kiswahili la "burnish"? Nina pendekezo, msinipige. Tuna kitenzi cha zamani, kukatua, kusugua madini mpaka yang'ae. Wengi wetu tumeliacha likapata kutu, na ukilitamka mbele ya vijana wanadhani unazungumzia kukata. Kamusi hazilibani liwe la kukandamiza tu. Lakini mimi kwenye kazi zangu za dhahabu na shaba nimelitenga kwa kazi hiyo, na "polish" ya madini naiita kupiga msasa au kung'arisha kwa unga, kulingana na alichofanya fundi. Kwa chungu sisemi kukatua. Nasema "kilisuguliwa kwa kijiwe". Ni maneno matatu badala ya moja, na mhariri mmoja amenilalamikia urefu. Mhariri huyo hajakaa mbele ya mama wa Kwale.

Ile karatasi ya maonyesho niliirekebisha siku ileile, kwa kalamu, imebandikwa ukutani, watu wakinitazama. Mama akamwambia mjukuu asome tena. Akasoma. Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kibakuli chake.

Dakika zangu zimekwisha, na nasikia harufu ya mahamri kutoka ukumbi wa nje. Lakini kabla hamjainuka: nilikwenda kwake wiki hii, nikamwomba, na baada ya maneno mengi amekubali kuniazima. Kijiwe hiki hapa. Kinapita kuanzia safu ya mbele. Kipitishe kwenye ukucha wa dole gumba, kandamiza, vuta, uone kitakachotokea. Msikidondoshe, sakafu hii ni ngumu. Atakayekishika mwisho aniletee mkononi, si mezani, kwa sababu Jumatatu asubuhi kuna vyungu saba vinakingoja.